Jina la Babu

Mwaka juzi niliuza amplifaya yangu ya besi, na neno moja nililomwambia mnunuzi likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ilikuwa Ampeg ya zamani, ya zile zinazotumia valvu, boksi jeusi lililochubuka pembeni. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa akipiga muziki hotelini. Kwa kuwa ilitengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120, ilitembea na transfoma yake kama mzee na mkongojo. Jumapili moja kanisani, mtu asiyejua akaichomeka moja kwa moja ukutani. Tukaona moshi, tukasikia harufu, ikawa basi.

Fundi wangu wa Luthuli Avenue aliifungua, akamulika kwa tochi ya simu, akaguna. "Huku ndani hakuna mtu," akasema. "Lakini boksi ni zima. Nikutolee hizi valvu zote nikuwekee bodi ya kisasa? Itakuwa nyepesi, na itapiga." Nikakubali. Spika nayo ilikuwa imechanika, akaweka nyingine. Mwishowe vilivyobaki vya zamani vilikuwa mbao, mpini, na nembo ya pale mbele.

Kijana aliyekuja kuinunua aliipapasa ile nembo kwa kidole, polepole. "Mzee, hii ndio ile yenyewe?"

Nikamwambia ndiyo.

Sasa, nilidanganya ama sikudanganya? Jibu linaonekana rahisi, lakini nilipojaribu kujitetea niligundua kwamba nina hoja, na hoja zenyewe si mbaya.

Hoja ya kwanza ni ya kampuni yenyewe. Ampeg ilianzishwa miaka ya 1940 na Everett Hull, mpiga besi aliyechoka kutosikika. Besi kubwa ya kusimama ilikuwa inamezwa na tarumbeta na ngoma, basi akaingiza maikrofoni ndani yake kupitia kile kigingi kinachoisimamisha sakafuni. Jina Ampeg linatokana na kigingi hicho. Mwaka 1960 ikatoka B-15, iliyobuniwa na Jess Oliver: ukimaliza kupiga, unageuza kichwa cha mashine kinaingia ndani ya boksi la spika, unabeba mzigo mmoja. James Jamerson, yule wa Motown kule Detroit, alikuwa na B-15 yake.

Lakini Hull hakupenda roki. Alitaka sauti safi isiyokwaruza, na hakutaka mashine zake zitumike kupiga kelele. Mwaka 1967 kampuni ikauzwa, na muda si mrefu naye akaondoka. Mwaka 1969, bila yeye, ikatoka SVT: wati 300, spika nane kwa kila boksi, mzigo wa kuvunja mgongo. Rolling Stones wakaenda nayo ziarani mwaka huohuo. Leo ukimtajia mpiga besi jina Ampeg, huenda wazo la kwanza kumjia likawa hiyo SVT, mtoto ambaye baba hakumtaka.

Baada ya hapo jina likapita mikono mingi. Magnavox walilishika, St. Louis Music wakalichukua, LOUD nao, na tangu 2018 liko chini ya Yamaha Guitar Group. Na kila mwenyeji mpya amelifufua kwa namna yake. Lile jina la Portaflex, la familia ya B-15, lilirudi likiwa juu ya vichwa vya kilo chache tu, visivyo na valvu hata moja. Ndani yake kuna mzunguko unaowasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, ili nguvu nyingi iende kwa spika badala ya kupotea kama joto.

Unaona mahali hoja yangu inaelekea. Wao walitoa valvu wakaacha jina. Mimi nilitoa valvu nikaacha nembo. Kama yao ni Ampeg, yangu kwa nini isiwe?

Utasema wao wana karatasi, walinunua haki ya jina. Ni kweli, na mahakamani hilo linatosha. Lakini mimi siulizi habari za mahakama. Chukua Sunn, chapa nyingine ya zamani. Norm Sundholm, mpiga besi wa The Kingsmen, alihitaji mashine yenye sauti kubwa zaidi, na kaka mtu, Conrad, akamtengenezea kule Oregon. Kampuni baadaye ikaangukia mikononi mwa Fender, jina likalala miaka mingi, na karibuni kampuni nyingine ikapewa leseni ya kuliamsha. Leseni inakuruhusu kubandika jina. Kama unastahili kulibeba, hilo ni swali lingine, na hakuna wakili wa kulijibu.

Wengine watasema kipimo ni mwanzilishi: je, angekubali? Hapo ndipo Hull anapotuvuruga. Tungemfuata yeye, SVT isingezaliwa. Na wengine watasema kipimo ni vipuri, kwamba bila valvu hakuna Ampeg. Pole, hata wewe na mimi hatupiti mtihani huo. Kijana anayekwenda mazoezini kwa matatu atabeba SVT vipi? Amlipie nauli? Hull alianza kwa sababu mpiga besi hasikiki, na Oliver akafikiria mgongo wa mpiga besi. Mashine ya kilo chache inayotoshea kwenye begi inaweza kuwa na utiifu zaidi kwa watu hao kuliko sanduku zito lililotunzwa kwa heshima ya makumbusho.

Basi kipimo ni nini?

Nilikipata nyumbani, kwenye majina ya watoto. Sisi Wakikuyu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Bibi humwita mjukuu huyo "mume wangu," watu wanacheka, na katika kicheko kile kuna ukweli: mzee amerudi. Mtoto hana pua ya babu wala sauti yake, na hakuna anayemdai. Lakini jaribu kumtuma benki akachukue pensheni ya marehemu. Hapo jina lilelile linageuka wizi.

Tofauti iko wapi? Mtoto hajabadilika kati ya nyumbani na benki. Kilichobadilika ni kwamba nyumbani kila mtu anajua babu amekufa. Jina linarudishwa mbele ya watu wanaojua ukweli, na mwenye kulipokea anapokea pia madeni: akikosea ataambiwa anamwaibisha mzee. Benki anatumia jina ili asiyejua aendelee kutojua.

Ndiyo maana sina ugomvi na kampuni inayofufua chapa ya zamani ikiandika wazi kwamba ndani ni teknolojia mpya, ikikubali kupimwa na masikio ya wale waliozoea ya kwanza, na ikibaki kujibu mashine ikiharibika. Hiyo inampa mtoto jina. Ugomvi wangu ni na yule anayenunua jina tupu, analibandika juu ya chochote, akitegemea kumbukumbu za wazee zimlipie. Na baada ya kusema hivyo ikabidi nijitazame, kwa sababu mimi ndiye niliyemwona kijana akipapasa nembo, nikajua anachotafuta, nikamwachia.

Sitasingizia mbao. Mbao zilikuwa za kweli, mpini wa kweli, nembo ya kweli. Uongo ulikuwa katika "ndiyo" yangu.

Miezi minne ilipita kabla sijampigia simu. Nilimweleza yote, moshi, bodi, spika, nikamwambia aje na mashine nimrudishie pesa zake. Akanyamaza kidogo. "Nilishaifungua, mzee," akasema. "Wiki ya kwanza tu. Nilitaka kuona valvu."

Nikamuuliza kwa nini hakunipigia.

"Nilikuwa nangoja."

Hakutaka kuirudisha, inapiga vizuri na inaingia kwenye buti ya teksi. Tulikubaliana nimrudishie tofauti ya bei, na nikalipa. Kisha akaomba kitu kimoja: jina la fundi na tarehe aliyofanya kazi. Tulikutana mjini, akageuza boksi, akafungua kifuniko cha nyuma, akanipa kalamu ya rangi. Nikaandika kwenye mbao, kwa mkono wangu, kilichotolewa, kilichowekwa, nani aliyekiweka na lini. Nembo ya mbele tuliiacha pale ilipo.