Karafuu, Fedha na Amana ya Dawa

Maabarani kwetu tunapaka vimelea kwenye sahani, tukavipangia juu vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake, kisha sahani inalala kwenye joto la mwili hadi asubuhi. Dawa yenye nguvu huacha duara tupu kuzunguka karatasi yake. Siku hizi napokea sahani zilizojaa mpaka kwenye kingo za karatasi, duara hamna, na usaha wake umetoka kwenye mguu wa mgonjwa wa kisukari anayesubiri majibu nje kwenye benchi.

Mimi ni Mpemba, Muislamu, niliyekuzwa na ile hadithi ya Mtume kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa. Basi dawa ya mguu huu iko wapi?

Kwetu jibu la haraka ni kurudi kwenye miti, na silipuuzi. Karafuu ina yujenoli, mafuta yanayoharibu utando wa bakteria. Ukipita Wawi, kwetu Pemba, kiwanda kikikamua makonyo (vikonyo vya karafuu), unaivuta puani. Lakini mafuta hayo hayakubaliani na maji, hupotea hewani upesi, na kidondani hayafiki mbali. Hapo nanoteknolojia inasaidia: yanavunjwavunjwa kuwa matone ya nanomita mia moja au mia mbili (unywele mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi), yakakaa ndani ya maji na kupenya. Watafiti hutumia pia maji ya karafuu kugeuza chumvi ya madini ya fedha kuwa chembe ndogo mno, zinazotoa ayoni polepole na kumshambulia bakteria sehemu nyingi kwa pamoja. Mengi ya haya hayajatoka maabara, lakini nayatazamia kwa hamu.

Nisichokubali ni kwamba bakteria hawezi kukizoea kitu cha asili. Penisilini yenyewe ilitoka kwenye kuvu, na Fleming, mgunduzi wake, akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alishaonya juu ya kutumia dozi pungufu. Fedha nayo imeshashindwa: mwaka 1975 iliripotiwa salmonela sugu kwa fedha katika wodi ya walioungua huko Boston. Na mwaka 2011 wanasayansi walieleza jeni za usugu walizozikuta kwenye ardhi iliyoganda ya Yukon, Kanada, zenye umri wa miaka 30,000. Bakteria naye ni kiumbe, na silaha zake alipewa kabla duka la dawa halijajengwa popote.

Ndiyo maana naona kuteremshiwa dawa si kumilikishwa. Mtume amewafanya watu washirika katika maji, malisho na moto. Kwangu mimi nguvu ya dawa imo humo humo, kwani kila itumiwapo ovyo bakteria huizoea, na hupungua kwa wote. Anayenunua kapsuli za rangi mbili, dawa ya kuua bakteria, kwa ajili ya mafua, maradhi ya virusi wasiojali kabisa dawa hiyo, anachota haki ya mtu asiyemjua, pengine mtoto mchanga wa wilaya nyingine. Hiyo ni dhulma, hata kama mnunuzi kalipa kwa pesa yake halali, na muuzaji ana sehemu yake.

Chembe za fedha zitakapofika kwenye maduka yetu, nataka mgonjwa aandikiwe baada ya sampuli yake kupimwa, si kabla. Na nataka Ijumaa moja nisikie khutba juu ya haya, khatibu azitaje zile kapsuli za rangi mbili waziwazi.