Fungua Daftari Ukingali Hai

Mwenye duka akifa Garissa haachwi alale ndani. Akifariki alfajiri, ikifika adhuhuri keshaoshwa, kavishwa sanda, na jeneza liko mbele ya safu. Kabla watu hawajatawanyika, mwanawe au ndugu yake husimama, akakohoa kidogo, akasema maneno ambayo sote tumeyasikia: yeyote anayemdai marehemu aje kwetu, na yeyote aliyekosewa naye amsamehe. Watu huitikia, kisha safari ya makaburini huanza.

Nataka tusimame hapo hapo kwanza. Ninyi wenye maduka ya Suuq Mugdi, madalali wa soko la mifugo, kina mama wa maziwa ya ngamia, vijana wa tuktuk na wa M-Pesa: siku hiyo ni nani atakayesogea mbele kwa ajili yako? Wanaokudai watakuja, hao hawana shida ya kuitwa. Je, atakuwepo mtu wa kusema, mimi ndiye niliyekuwa nikidaiwa naye, nilichelewa misimu miwili, na hakuwahi kuniaibisha mbele ya watoto wangu? Ukiwa na watu kumi wa namna hiyo katika mji huu, umefanya biashara. Ukiwa huna hata mmoja, msafara wa magari makubwa nyuma ya jeneza lako utatimua vumbi tu.

Tuseme ukweli kuhusu biashara yetu. Haiendeshwi na benki. Inaendeshwa na daftari la madeni, lile lenye jalada lililochanika, linalokaa chini ya mizani au kwenye droo ya pesa. Mfugaji anafika kutoka Balambala au Modogashe, anachukua sukari, mchele, unga, majani ya chai na mafuta, halafu anasema neno moja: andika. Atalipa Jumatano ya soko akiuza beberu au fahali. Na wewe unayemwandikia, bidhaa zenyewe umezichukua kwa deni kwa mwenye duka la jumla wa Eastleigh, Nairobi, ambaye naye hakukuuliza hati ya nyumba. Aliuliza wewe ni mtoto wa nani na nani anakudhamini. Mnyororo mzima, kutoka Eastleigh hadi kwenye aqal, kibanda cha mfugaji, ya mwisho mpakani, unashikwa na imani ya mtu kwa mtu.

Kisha mvua ikakosa. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano ilipita mikavu, na katika maeneo kame ya Kenya zaidi ya mifugo milioni 2 ikafa. Mizoga ilitanda kando ya barabara, tuliiona. Mwenye duka alifungua daftari lake akakuta kila ukurasa una jina la mtu ambaye alichokuwa auze kimeshaoza. Hapo ndipo wafanyabiashara walipogawanyika. Wapo waliofunga daftari wakasema pesa mkononi au uende zako. Wapo waliopunguza kipimo wakaendelea: kilo mbili zikawa moja, moja ikawa nusu, lakini mlango haukufungwa. Lori la msaada lina siku yake na orodha yake. Mtoto mwenye njaa usiku hana orodha, ana duka la jirani.

Hao waliopunguza kipimo badala ya kufunga mlango ndio ninaowaita mashujaa, na hakuna aliyewapigia makofi. Wengine walitetereka, wengine mtaji ukakatika kabisa. Sikushauri ufilisike kwa ajili ya sifa. Duka likifa, wanaolitegemea wanakufa njaa nalo. Ninachokuambia ni kwamba daftari lile ndilo wasifu wako, nawe unaliandika kila siku kwa kalamu ya shilingi ishirini.

Basi liandike vizuri. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na washuhudie watu. Aya mbili kabla yake, ya 280, inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula, na kumwachia kabisa kumesifiwa zaidi. Tumeswalishwa kwa aya hizi mara nyingi, kisha tukarudi dukani kuandika "Mohamed, elfu nne" bila kusema Mohamed yupi, katika mji wenye akina Mohamed wasiohesabika. Ukiondoka kesho, mkeo atamtafuta yupi? Na lile deni ulilomsamehe mjane kwa mdomo, mwanao atalijuaje? Atakwenda kumdai, na jina lako litatajwa kwa laana ambayo hukuistahili.

Tazama mambo yalivyowaendea waliotutangulia. Allidina Visram alifika pwani ya Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo kutoka Kutch, India, katika miaka ya 1860. Alijenga mtandao wa maduka ulioanzia Bagamoyo ukapanda na reli hadi Uganda, akanunua pembe za ndovu na pamba, akawakopesha wenye maduka wadogo. Alifariki 1916. Miaka michache baadaye biashara ile kubwa ikaporomoka. Kilichobaki ni shule ya Mombasa yenye jina lake, ambayo mwanawe Abdulrasul aliitoa kwa kumbukumbu ya baba. Wanafunzi wengi wanaoingia pale asubuhi hawajui mzee huyo aliuza nini. Wanajua darasa.

Wala huhitaji kwenda Mombasa. Hapa Garissa, vita vya Shifta vilipokwisha vikaacha mayatima, mwishoni mwa miaka ya 1960 Young Muslim Association ilifungua makao ya kuwalea. Michango ya Waislamu ndiyo iliyoyashikilia, na nyuma ya michango ya namna hiyo daima kuna wenye maduka waliotoa godoro, gunia la mchele, viatu vya shule. Majina yao hayako ukutani. Vijana waliolelewa pale ni watu wazima sasa, wana watoto na wajukuu.

Mimi nina ugomvi kidogo na visima vyetu vya sadaka. Kila mtu anataka kuchimba, na bamba la jina lipakwe rangi. Ukizunguka kaunti hii utavikuta vilivyokufa: jenereta imeharibika, hakuna wa kununua kipuri, na mchimbaji yuko Nairobi akipiga picha ya mradi mwingine. Usichimbe cha pili kabla hujahakikisha cha kwanza kinatoa maji. Chumba kimoja katika jengo lako kiwekee wakfu, kodi yake ilipe fundi na dizeli milele. Hiyo haina picha nzuri. Ndiyo inayonywesha.

Na nyumbani je? Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mtu akifa matendo yake hukatika isipokuwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemuombea. Wafanyabiashara wetu wanalipenda la kwanza, wanaliheshimu la pili, na la tatu wanamwachia mama watoto. Baba yuko Eastleigh, kisha Dubai, kisha Guangzhou. Watoto wanamjua kwa sauti ya simu na kwa pesa ya karo. Mtoto wa namna hiyo atakuombea kwa moyo gani? Mlete dukani Jumamosi. Apime sukari, akusikie ukimjibu mzee aliyekuja mikono mitupu. Mlete wa kike pia, na akijua hesabu kuliko kaka yake, daftari liwe lake.

Kitu kimoja zaidi, na hiki kinahitaji ujasiri. Wajir, mapema miaka ya 1990, mapigano ya koo yalifika hadi sokoni: mwanamke wa ukoo huu akawa hawezi kumuuzia wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianzia hapo hapo penye mafungu ya mboga na vibuyu vya maziwa, wakataka kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa nasaba. Kazi hiyo, pamoja na ya wazee na vijana, ilifikia makubaliano ya amani ya Al Fatah mwaka 1993. Dekha alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari, akiwa njiani kuja Garissa kwenye mkutano wa amani. Sasa angalia majina katika daftari lako. Kama yote ni ya jamaa zako, wewe ni hazina ya ukoo. Mji bado unamngoja mfanyabiashara.

Leo baada ya isha, funga mlango mapema. Kaa na mkeo na mtoto wako mkubwa, mfungue ukurasa wa kwanza. Andika jina kamili, la baba na la babu, namba ya simu, na mahali pa kumpata. Unayeweza kumsubiri, andika tarehe mpya na umpigie. Usiyetarajia kulipwa naye tena, piga mstari juu ya deni lake, tia sahihi, na mtoto ashuhudie. Kisha geuza upande wa pili uandike unachodaiwa wewe, kuanzia mwenye jumla wa Eastleigh hadi mshahara wa yule kijana anayefagia duka. Yule kijana usimngojeshe hadi mwisho wa mwezi, mlipe kesho asubuhi kabla hujauza chochote. Halafu mpigie yule mzee wa Balambala aliyeacha kupita mbele ya duka lako kwa aibu, umwambie Jumatano aje, chai iko.