Ikiwa Homoni Ni Yangu, Kosa Liko Wapi?



Ndugu zangu, kuna hoja inayosikika siku hizi miongoni mwetu tunaonyanyua vyuma hapa Gisenyi, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Kujidunga homoni ya ukuaji kutoka nje, wanasema, ni jambo moja; kumeza kitu kinachouamsha mwili utoe homoni yake wenyewe ni jambo jingine. Homoni ni yangu, Allah ndiye aliyeiweka, mimi nimeichochea tu. Kosa liko wapi?

Tuanze na mwili. Homoni ya ukuaji hutolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Haitoki mfululizo kama maji ya bomba. Hutoka kwa mafungu, na fungu kubwa aghalabu huja katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Mazoezi makali huiongeza, na kukaa bila kula pia. Mwaka 1999 watafiti wa Japani walitambua grelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, ambayo nayo huichochea pituitari. Vidonge kama ibutamoreni vinaiga grelini hiyo: mwili unapewa habari ya njaa ambayo haipo.

Basi hoja ya wenzetu ina ukweli wake. Homoni ni ya mwili wao kweli. Wala vichocheo hivi si haramu kwa dhati yake. Marekani iliidhinisha tesamorelini mwaka 2010 kwa wagonjwa wa VVU wenye mafuta yaliyozidi tumboni. Mgonjwa aliyeandikiwa na daktari wake hana lawama, kwani dini yetu inatuhimiza kutafuta tiba.

Lakini kuwa kitu ni changu hakumalizi swali. Imamu Muslim amepokea kisa cha Mtume (s.a.w.) aliyepita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Tutazame vizuri: nafaka ilikuwa halali, ilikuwa yake, na hata mvua ilitoka kwa Allah. Kosa lilikuwa katika kile alichofichwa mnunuzi.

Mchezaji anayetumia kichocheo kwa siri anauza lundo hilo hilo. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, limevipiga marufuku vichocheo hivi wakati wote, ndani na nje ya mashindano. Jirani zetu Kenya, baada ya wakimbiaji wao kadhaa kunaswa kwa dawa za namna mbalimbali, walitunga sheria yao mwaka 2016. Kijana anayeingia Uwanja wa Umuganda na jezi ya Marines au Etincelles ameingia kwa ahadi, ingawa hakuitamka. Akishinda kwa siri, amekula haki ya aliyeamka alfajiri kukimbia kando ya Ziwa Kivu.

"Mimi sishindani na mtu," atasema mwingine, "nataka kifua tu." Huyu hamdanganyi mpinzani, lakini linabaki suala la amana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wazee wenye afya waliopewa ibutamoreni kwa mwaka mmoja waliongeza wastani wa kilo 1.1 za uzito usio wa mafuta. Nguvu zao hazikuongezeka, na sukari yao ya damu ilipanda. Utafiti mwingine, wa wazee waliovunjika nyonga, ulisitishwa mapema baada ya dalili za moyo kushindwa kufanya kazi kuonekana kwa baadhi yao. Hao walikuwa mbele ya madaktari. Anayeagiza chupa kwa simu hana hata hakika ya kilichomo ndani.

Abdullah bin Amr alipokuwa akifunga kila siku na kusimama kila usiku, Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa ibada yenyewe hairuhusiwi kuudhulumu mwili, kioo kitaruhusiwaje? Mwenye haki juu yako ni mdai wako. Si mali yako ya kuchezea.

Mimi ni mwanafunzi, si mufti, na sitoi fatwa. Ninachokiona ni hiki: mgonjwa atibiwe, mshindani aache, na mwenye afya asijitie katika madhara kwa ajili ya kusifiwa. Anayesitasita ajiulize: je, naweza kukiweka kidonge hiki juu ya lundo, kocha wangu, mpinzani wangu na mama yangu wakione? Akishindwa kujibu, azime simu na alale mapema. Fungu lake la usiku linamngoja, na halina bei.

Wallahu a'lam.