Kumjua Kiumbe na Kummiliki

Katika mji wa Lushoto, uliojengwa kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, kinyonga si kioja. Huonekana juu ya michongoma ya mipakani, katika migomba, na katika vichaka vilivyo kando ya mashamba ya kabichi na maharagwe. Mtoto aliyetumwa dukani baada ya mvua humkuta akivuka njia kwa mwendo wake wa kusitasita, mguu ukiinuliwa na kurudishwa kabla ya kukanyaga, na aghalabu mtoto huyo hukimbia. Mtu mzima hakimbii, walakini naye hapendi kumshika. Kinyonga hana sumu. Huogopwa kwa sababu ya umbo lake na kwa sababu ya maneno yaliyosemwa juu yake. Katika hadithi za makabila mengi ya Kibantu yeye ndiye mjumbe aliyechelewa na habari ya uzima hata habari ya mauti ikamtangulia. Na katika Kiswahili jina lake limekuwa tusi la mtu asiye na msimamo.

Yuko mmoja miongoni mwa vinyonga wa huko ambaye dume lake hubeba juu ya pua pembe mbili bapa zenye magamba, mfano wa visu viwili vilivyowekwa sambamba. Wataalamu humwita Kinyongia multituberculata. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ilitungwa mwaka 2006, nayo imechukuliwa katika Kiswahili chenyewe; ni heshima ambayo wenye lugha wengi hawajui kwamba wamepewa. Nyumbani kwake kwa asili ni milima ya Usambara ya Magharibi. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, katika Usambara ya Mashariki, wanakaa ndugu zake wa pembe mbili, lakini si yeye.

Hapa ndipo swali gumu linapozaliwa. Kiumbe aliye wa kila siku kwa mtu wa Lushoto ni adimu kwa dunia nzima. Wingi wake ni wingi wa mlimani tu: ukishuka Mombo, kilometa chache chini ya milima, umekwisha. Mtu aliyezaliwa kati ya wingi huo hana sababu ya kuushuku, kama vile aliyezaliwa kando ya kisima kisichokauka hana sababu ya kupima maji kwa kata. Hata wenye elimu walidanganyika. Mpaka mwaka 2008 kinyonga huyu alihesabiwa kuwa ni namna moja tu ya kinyonga aitwaye fischeri, ambaye kwa kweli ni wa milima ya Nguru. Kwa jina hilo moja walikusanywa vinyonga wa milima mbalimbali, na kwa jina hilo walifungwa katika vifuko na kupelekwa Ulaya na Marekani kuuzwa kwa wapenda wanyama. Walipochunguzwa kwa uangalifu, ilidhihirika kwamba aliyedhaniwa kuwa mmoja mwenye makao mengi alikuwa jamaa kadha wa kadha, kila jamaa na mlima wake. Yafaa kukumbuka jambo hili kila linaposikika neno kwamba mnyama fulani ni wengi mno hata kuchukua wachache si hasara.

Sheria haikungoja elimu hiyo. Mapatano ya kimataifa juu ya biashara ya viumbe walio hatarini, yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973, yaliwaingiza vinyonga katika orodha yake mwaka 1977, wauzwe kwa kibali tu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inawaweka wanyamapori kuwa mali ya umma, chini ya amana ya Rais. Mwezi wa Machi 2016 serikali ilisimamisha kabisa kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Lakini sheria hujibu lipi limekatazwa. Haijibu kwa nini mtu mwema, asiyetaka fedha, anayependa kinyonga kwa moyo wake wote, asimweke katika kizimba chenye majani mabichi, akamlisha panzi na kumwangalia kila asubuhi.

Mtu huyo ana hoja, na si haki kuipuuza. Upendo usiojua ni upofu, na mengi yanayojulikana juu ya kinyonga yamejulikana kwa kumweka karibu. Ni watunzaji waliogundua kwamba hanywi maji katika kibakuli bali hulamba matone juu ya majani, na kwamba huyu wa Usambara hudhoofika asipopata baridi ya usiku kama ya kwao. Mwaka 2015 wataalamu wa Geneva walionyesha, kwa kinyonga wa Bukini, kwamba katika ngozi yake mna vipande vya fuwele vidogo mno, na kwamba avitanuapo au avibanapo umbali baina yake, rangi ya nuru inayorudi hubadilika. Tena ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba kinyonga hageuki rangi hasa ili kufanana na mahali alipo. Hugeuka kwa baridi na joto, kwa hasira, kwa hofu, kwa kutaka mke. Basi yule anayetukanwa kuwa mnafiki ni katika viumbe wasioweza kuficha yaliyo moyoni! Mzinzi, mwizi na mwanasiasa wangaliumbwa na ngozi ya namna hiyo, dunia ingalikuwa na mahakama chache.

Lakini hoja hiyo hiyo humgeukia aliyeitoa. Ikiwa rangi ya kinyonga ni usemi wake, mtunzaji hana budi kuisoma. Kinyonga aliyeshikwa kwa mara ya kwanza huwa mweusi mweusi, hujaza pumzi mwilini na kufunua kinywa. Wengine hutulia baada ya siku. Wengine hawatulii, hukataa chakula, na macho yao huzama ndani mpaka wafe. Anayemtazama katika hali hiyo anasema kwamba anamwangalia kinyonga. Kwa hakika anaangalia hofu yenye umbo la kinyonga, na hofu hiyo ameileta yeye.

Wala haiwezekani kusema kwamba kufuga ni kosa siku zote. Chura mdogo wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, alitambuliwa mwaka 1996 akiishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu. Mwaka 2000 maji ya mto huo yalianza kugeuzwa kwa ajili ya umeme, na mwaka huo huo vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hakuna tena hata mmoja. Wajukuu wa wale mateka walirudishwa Kihansi mwaka 2012. Kizimba kiliwahifadhi pale ambapo nyumba yao iliwashinda. Tofauti ni kwamba chura yule alichukuliwa kwa haja yake; kinyonga wa dukani alichukuliwa kwa haja ya mwingine.

Upo pia ugumu wa maskini, ambao wapenzi wa wanyama wa mbali huupita upesi. Mtu wa mlimani huona msitu ukifyekwa na mto ukipungua, na katika yote hayo yeye ndiye anayeambiwa asimguse kinyonga wa uzioni kwake. Biashara ilipofungwa, waliokuwa wakipata chumvi na karo kwa kukamata wanyama hawakupewa kazi nyingine kwa sababu hiyo. Anayedai kwamba kumwacha kiumbe huru ni wajibu hana budi kuuliza gharama ya wajibu huo inalipwa na nani.

Hata hivyo mtu wa Lushoto ana kitu ambacho tajiri wa mbali hawezi kukinunua. Yeye hahitaji kumiliki ili ajue. Usiku, katika njia ziendazo kwenye msitu wa Magamba, vijana huwaongoza wageni kwa tochi. Mchana kinyonga ni vigumu kuonekana. Usiku, akilala, rangi yake hufifia ikawa nyeupe nyeupe, na mwanga humpata mara moja kati ya majani meusi. Hulala kwenye ncha ya kijiti chembamba, mkia umekunjwa kama nyuzi za kitana, ili nyoka akipanda, kijiti kitikisike na yeye aamke. Anayelijua hilo hashiki kijiti. Humwonyesha mgeni kwa kidole, kwa umbali wa mkono mmoja, kisha huuteremsha mwanga chini. Mgeni hutoa ujira, nao huendelea na njia, na kinyonga hubaki kwenye ncha ile ile mpaka jua la asubuhi limrudishie rangi.