Kujua kwa Kitambo Kifupi

Mtu akitumia miaka 30 kuchunguza matukio ambayo ukiyajumlisha hayafiki sekunde moja, tuseme amefanya nini na maisha yake? Hiyo ndiyo kazi ya mtafiti wa uhandisi wa kemia anayeiga mwendo wa molekuli kwa kompyuta. Sekunde anaikatakata vipande bilioni milioni, na kwa kila kipande anapiga hesabu ya kila atomu. Kompyuta inahangaika wiki nzima. Molekuli zenyewe hazijapata hata muda wa kufumba jicho, kama zingekuwa nalo.

Jibu la haraka ni kwamba kazi hiyo husaidia kupata betri na dawa. Ni kweli, ila jibu hilo linapima faida, nasi tuliuliza maana. Tuanze na kujua. Nikisema kujua sikusudii kuona. Nakusudia kuweza kusema kitu kitafanya nini wakati hakuna anayekitazama. Je, kwa hilo kitambo kifupi kinatosha?

Mara nyingine kinatosha. Mwaka 1964 Aneesur Rahman, mzaliwa wa Hyderabad aliyefanya kazi Marekani, alichapisha hesabu ya atomu 864 za argoni, na katika chembe hizo chache tabia ya kimiminika ikajitokeza. Atomu za kimiminika hazitulii, kwa hiyo hazifichi mengi. Lithiamu ni kaidi zaidi, hii ambayo miamba ya Manono, humu humu mkoani Tanganyika, Kongo, imeibeba kwa wingi. Ndani ya betri ya elektroliti ngumu, isiyo na kimiminika, ayoni yake hutetemeka pale pale, hutetemeka tena, kisha ghafla huruka hadi nafasi ya jirani. Aliyetazama kabla ya kuruka ataandika, bila kusema uongo, kwamba haiendi popote.

Hapa Kalemie, mji ulio ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, tuna kesi ya namna hiyo. Mwaka 1874 mvumbuzi Cameron aliufikia mto Lukuga, akatangaza kwamba ndipo maji ya ziwa yanapotokea, ingawa majani yalikuwa yameuziba. Mvumbuzi mwingine, Stanley, alikuja 1876, asione mkondo wa kutoka. Miaka michache baadaye maji yalikuwa yakienda kwa kasi. Ninachokipenda kwa Stanley, ambaye simpendi kwa mengine, ni kwamba hakuishia kwenye alichokiona siku ile: ufuo wa Ujiji alioukanyaga 1871 ulikuwa umemezwa na maji, naye akasema ziwa linapanda na siku moja litapasua. Alikuwa na vitambo viwili vifupi, akavilinganisha. Basi huenda kujua hakutegemei urefu wa kutazama.

Lakini ziwa lina neno jingine. Sehemu kubwa ya maji yanayoondoka Tanganyika haipiti Lukuga hata leo. Hupaa hewani kama mvuke, molekuli kwa molekuli, usoni pa ziwa lote. Ubishi wote ule ulihusu mlango mdogo. Mtafiti naye anaweza kuipa kompyuta yake miaka kumi zaidi, na bado akawa amesimama Lukuga. Nani humwambia atazame wapi? Hesabu haimwambii, kwani huanza akishachagua. Itabidi tumuulize alikulia wapi, nani alimfundisha, na nani anamlipa ili atazame huko.