Mzazi, mwachie mtoto kalamu

Kila mwaka mwezi wa Mei vijana wetu wa kidato cha sita huingia katika vyumba vya mtihani, na mwezi wa Novemba hufuata wadogo zao wa kidato cha nne. Hapa Magamba, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kama ilivyo Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, misimu hiyo miwili hubadilisha mazungumzo ya nyumbani na ya barazani baada ya swala ya Isha. Baba anatafuta fedha za masomo ya ziada, mama anaomba dua, mtoto anakonda. Wote tunasema tunamsaidia. Lakini ndugu msomaji, ni nadra kujiuliza swali hili: katika mtihani wa mtoto, lipi hasa ni jukumu la mzazi, na lipi si lake?

Hili si swali la walimu peke yao. Dini yetu inatufundisha mambo mawili ambayo mtu mwenye haraka anaweza kudhani yanagongana. La kwanza ni kwamba mzazi ni mchungaji, na ataulizwa juu ya watoto aliopewa. La pili ni kwamba mbele ya Mola kila mtu atasimama na hesabu yake mwenyewe. Baba hatamlipia mwana, wala mwana hatamlipia baba. Tukiyaweka mambo haya pamoja tunapata kipimo kizuri. Ipo mizigo ya mzazi, na ipo mizigo ya mtoto. Msaada wa kweli ni mzazi kubeba ya kwake na kumwachia mtoto ya kwake.

Masikitiko ni kwamba wengi wetu tunafanya kinyume. Tunambebea mtoto mzigo wake, kisha tunamtwika wa kwetu.

Kalamu si ya mzazi

Tuanze na jambo tunaloona haya kulisema. Usiku wa kuamkia mtihani, simu huanza kuita. Fulani ana karatasi. Fulani anajua kundi la simu ambako maswali yanauzwa. Baba ambaye mwezi mzima alisema hana fedha ya kitabu, usiku huo anaipata.

Mara nyingi karatasi hizo ni za uongo, na mnunuzi huibiwa fedha zake na usingizi wa mwanawe. Lakini hata zikiwa za kweli, hatujapona. Mwaka 2008 mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne ulivuja, ukafutwa na kurudiwa. Walioiba na wasioiba, wote walirudi kwenye dawati. Dhambi ya wachache ilitozwa kwa maelfu ya watoto ambao hawakuuliza wala hawakununua kitu.

Tunakikumbuka kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni Madina, akaingiza mkono wake katika rundo la nafaka. Juu palikuwa pakavu, ndani mna maji. Mwenye mali akasema ni mvua. Udhuru huo haukumsaidia. Aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, na mwenye kughushi akakanwa. Sisi wa Mpanda, tunaouza na kununua mahindi na mpunga, hatuhitaji mfasiri wa kisa hicho. Tunajua gunia lililopangwa vizuri juu likiwa na unyevu chini linavyomtia hasara mnunuzi. Basi cheti cha mtihani ulioibwa ni gunia la namna hiyo. Na wanunuzi wake ni wagonjwa watakaotibiwa, watoto watakaofundishwa, na watu watakaopita juu ya daraja litakalojengwa.

Wapo watakaosema: "Wote wanafanya hivyo, kwa nini mwanangu pekee aachwe nyuma?" Ni hoja nzito, kwa sababu inatoka kwa mzazi mwenye uchungu. Lakini yule mwenye nafaka naye angeweza kusema kuwa soko zima lina mafungu yaliyolowa, na nafaka yake isingekauka kwa maneno hayo. Tena kuna madhara mengine ambayo hayaonekani katika cheti. Baba anayemnunulia mwanawe mtihani amemwambia kwa vitendo: "Mimi sikuamini kwamba unaweza." Kijana ataisahau karatasi ile. Neno hilo hatalisahau.

Kumchagulia maisha

Mzigo wa pili tunaomnyang'anya mtoto ni uchaguzi. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, zikafika 65 kutoka 16, zikiwemo za michezo, sanaa na elimu ya dini. Lakini katika nyumba nyingi tahasusi bado ni mbili tu: ile ya udaktari, na ile ya waliofeli kwenda kwenye udaktari.

Jambo la kushangaza ni kwamba sisi tunaoishi kwa jembe ndio tunaodharau kilimo kuliko watu wote. Katavi ina Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huko Mpimbwe. Mwambie baba wa hapa kwetu kuwa mwanawe anataka kusoma kilimo au ufugaji nyuki, atakuuliza kama alimsomesha miaka yote hiyo ili arudi shambani.

Mzazi atasema, na ana haki ya kusema, kuwa kijana wa miaka 18 hajui dunia. Ni kweli. Ndiyo maana mzazi ana haki ya kushauri, kuonya na kueleza anachokijua. Lakini tumtazame Nabii Ibrahim (a.s.). Qur'an katika Surat as-Saffat inatusimulia kuwa alipoona ndotoni kwamba anamchinja mwanawe, hakumkamata kimyakimya. Alimweleza, kisha akamuuliza yeye anaonaje. Yule ni Nabii, na jambo lenyewe ni amri ya Mola wake, bado alimuuliza mtoto. Sisi ambao hatukushushiwa wahyi kuhusu kozi ya uhasibu, tunapata wapi ujasiri wa kutouliza?

Tumfundishe kijana kuswali istikhara mwenyewe, si kumswalia sisi kisha tukamletea majibu. Tumpeleke kwa mtu anayefanya kazi anayoitamani, amuulize anaamka saa ngapi na analipwaje. Kisha tumwachie achague, akijua kuwa yeye ndiye atakayeibeba kazi hiyo miaka 40.

Mizigo tuliyoitua

Sasa tugeuke upande wa pili. Ipo mizigo ambayo ni ya mzazi, na mtoto hana uwezo nayo. Hiyo ndiyo tuliyoitua njiani.

Wa kwanza ni muda. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za Serikali iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Lakini Serikali haiwezi kuondoa ndoo kichwani kwa binti yako. Kaka yake anasoma mchana, yeye anachota maji, anapika, anaosha vyombo, na saa nne usiku ndipo anafungua daftari akiwa amechoka hoi. Kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawana akili ya hesabu. Na kwa mkoa wetu jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa Katavi, wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 27. Binti anayeishi chumba cha kupanga karibu na shule, bila mtu wa kumuuliza amekula nini, tumempeleka shule au tumemwacha sokoni? Na aliyeteleza, tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurudi darasani. Ni aibu mlango wa shule kuwa wazi huku wa nyumbani kwake umefungwa.

Wa pili ni makaratasi. Wengi wetu tulimchinjia mtoto akika na kumpa jina zuri. Cheti cha kuzaliwa tunakitafuta akiwa na miaka 19, wiki mbili kabla ya dirisha la mkopo kufungwa. Hapo ndipo tunagundua kuwa shuleni ni Mohamed, kwenye kadi ya kliniki ni Muhammad, na jina la babu limeandikwa kwa namna tatu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na kwa yatima inataka cheti cha kifo cha mzazi. Inataka saini ya mdhamini na ya uongozi wa mtaa. Mtoto hawezi kujidhamini, wala hawezi kwenda kusajili kifo cha baba yake kilichotokea akiwa na miaka mitano. Hayo ni ya wakubwa. Cheti cha mtoto kitafutwe akiwa darasa la kwanza, na majina yake yalinganishwe kabla hajasajiliwa mtihani wa kidato cha nne.

Wa tatu ni kufuatilia. Tangu mwaka 2017 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo anavyovitaka, chini ya utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, sharti athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa. Sasa tazama yanayotokea. Mtoto anatumwa peke yake kwa kijana wa steshenari. Yule kijana ana foleni ya watu 20, anatumia namba ya simu na barua pepe yake mwenyewe, na kozi anazijaza kwa kubahatisha. Mwezi mmoja baadaye namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ambayo mtoto haijui, na nafasi imepotea. Mzazi hata kama hajui kompyuta anaweza kukaa pale, akauliza: "Hii namba ni ya nani? Neno la siri limeandikwa wapi?" Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi haja ya kumfunga ngamia, na ngamia wa siku hizi amefungwa kwa neno la siri.

Suala la mkopo na riba

Hapa pana jambo lililowatatiza Waislamu wengi kwa haki. Mkopo wa Bodi ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Wapo walioiona ni riba wakajizuia, na wapo walioona kuwa dharura inaruhusu. Mwaka 2021 Serikali iliiondoa tozo hiyo. Hata hivyo, barazani bado tunawasikia watu wakiwaambia vijana kuwa mkopo ni haramu, bila ya wao wenyewe kuusoma mkataba wa leo. Aliye na shaka ausome, kisha amwulize mwanachuoni akiwa na mkataba mkononi, si uvumi. Anayemzuia kijana njia moja naye ana wajibu wa kumwonyesha nyingine. Kusema "usichukue" kisha ukaenda kulala si uchamungu. Na anayechukua ajue kuwa ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara, na kulilipa ni kutimiza amana, maana fedha hiyo ndiyo itakayomsomesha mdogo wake.

Siku ya matokeo

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sisi mitaani tumeendelea kutangaza. "Mtoto wa Mzee fulani kapata divisheni wani, wewe je?" Tunafanya hivyo kana kwamba daraja la mtihani ndilo daraja la utu.

Tukumbuke yaliyotokea kwa mtihani wa kidato cha nne wa 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, waliofaulu walikuwa asilimia 34.5 tu. Nyumba nyingi zililia, na watoto wengi waliitwa wajinga. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa zamani, na Mei mwaka huohuo ufaulu ukawa asilimia 43. Maelfu ya vijana waliolala wamefeli waliamka wamefaulu, bila kuandika hata neno moja zaidi. Hatusemi mitihani haina maana. Tunasema ni kipimo kilichotengenezwa na binadamu, na kinapima baadhi tu ya mambo. Mzazi aliyemtukana mwanawe mwezi wa Februari, matusi hayo aliyafuta kwa tume gani?

Aliyekosa alama za chuo kikuu ana njia ya vyuo vya kati na stashahada, ana VETA, ana kurudia mtihani. Hapa kwetu, asipoonyeshwa njia hizo mapema na mtu anayempenda, machimbo ya dhahabu yako jirani, na hayamuulizi mtu cheti wala umri. Kwa hiyo maneno ya siku ya matokeo yaandaliwe kabla ya matokeo. Mtoto ajue tangu Aprili kuwa, litoke litakalotoka, Julai atakula sahani moja na wenzake.

Msikiti nao una sehemu yake. Tuna kamati za harusi zinazokusanya mamilioni kwa wiki tatu. Je, hatuwezi kumpata mtu mmoja anayejua taratibu za Bodi na za vyuo, akakaa na vijana baada ya Ijumaa katika miezi ya Julai na Agosti? Madrasa yenye umeme haiwezi kuachwa wazi hadi saa nne usiku, wavulana upande wao na wasichana upande wao, wakasoma?

Hayo ndiyo yetu: taa, chakula, muda, cheti, saini, nauli, ushauri na dua. Kalamu ni ya mtoto, na ataishika peke yake ndani ya chumba tusichoruhusiwa kuingia. Tusijaribu kuingia kwa dirishani.

Wabillahi tawfiq.