Gauni la Arusi na Meza ya Bwana



Siku hizi binti wa Mpanda akichumbiwa haendi kwanza kwa fundi cherehani wa sokoni. Hufungua simu yake, akachagua gauni katika picha, akaandika vipimo vyake, kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani hata sakafuni, akalipa, akangoja. Gauni hushonwa mbali, mara nyingi Uchina, ambako mji wa Suzhou unajulikana sana kwa mafundi na maduka ya nguo za arusi. Kisha lafika Dar es Salaam, nalo lina zaidi ya kilomita 1,000 bado kabla ya kutufikia, kwa basi au kwa treni ya Kaliua.

Hatusemi haya kwa kulaumu. Ruthu, kabla ya kumwendea Boazi, aliagizwa na mkwewe aoge, ajipake mafuta, avae nguo zake. Na Isaya alipotafuta mfano wa furaha ya wokovu, hakuona haya kumtaja bibi arusi na mapambo yake.

Ila mwenye kununua kwa picha na amkumbuke Yakobo. Alitumika miaka 7 kwa ajili ya Raheli, na kulipokucha, kumbe ni Lea. Yako magauni yafikayo hapa kwetu ambayo katika simu yalikuwa Raheli! Tena Yakobo alikuwa na nafuu, maana Labani alikaa palepale akaweza kumwuliza sababu ya kumdanganya. Muuzaji usiyemjua utamfuata wapi? Na gauni lililokatwa kwa mwili wa mtu mmoja aghalabu halirudishwi, kwa kuwa halimfai mwingine. (Lea naye tusimdharau. Katika yeye alizaliwa Yuda, na katika kabila la Yuda alitoka Bwana wetu.)

Basi anayeagiza, na apimwe na fundi, asijipime mwenyewe, naye awe amevaa viatu vya siku ile. Aangalie kama wanataka inchi au sentimita, kwa maana hapo wengi wameumia. Aulize ushuru utalipwa na nani. Asiache gauni lifike juma la arusi, bali abakize majuma ya kutosha ili fundi wetu wa hapa apate kupunguza na kuongeza. Huyo fundi, mara nyingi, ndiye anayeiokoa arusi, wala hatajwi katika shukrani ukumbini.

Haya ni madogo. Linalotusumbua ni ndoa zinazongoja nguo. Twawajua waliotangazwa kanisani Jumapili tatu, wakaahirisha kwa sababu kifurushi hakijafika. Twawajua na wengine, wenye nyumba, shamba la mpunga na watoto, ambao wamekaa miaka mingi mbali na Meza ya Bwana. Ukiwauliza mbona hawafungi ndoa, jibu ni moja: gauni, ukumbi, kamati, michango. Mama huyo huja ibadani, huimba, hutoa sadaka yake, na wenzake wanapoinuka kwenda mbele yeye hubaki benchini na mtoto magotini. Ndugu, nani alimwambia kwamba bila gauni jeupe hawezi kuolewa?

Kanisa halikusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haikusema. Yataka hiari ya wote wawili, taarifa ya siku zisizopungua 21, na mashahidi wawili. Nguo haimo. Hata huo weupe haukutoka katika Maandiko. Ulienea sana baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuvaa gauni jeupe katika arusi yake mwaka 1840. Kabla ya hapo wanawake wengi wa huko waliolewa na nguo yao iliyo nzuri kuliko zote, ya rangi yo yote. Nasi tumeuchukua ugeni huu tukaufanya kuwa mlango, tukawafungia watu nje.

Kule Kana divai iliwatindikia, wala hatusomi kwamba ndoa ile ilivunjwa. Bwana alikuwapo kati ya walioalikwa, akalitengeneza lililopungua, na wageni wengi hawakujua hata kidogo kwamba palikuwa na upungufu.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasimpimie kijana furaha kwa bei ya gauni, na akina mama wenye magauni yaliyokunjwa sandukuni tangu siku zao wayatoe, yaazimwe. Nanyi mnaoishi pamoja bila ndoa, na hakuna kizuizi kingine ila gharama, mwoneni mchungaji au mzee wa kanisa wa mtaa wenu. Njoni wawili. Kitenge safi chatosha, na viatu mlivyo navyo. Ndoa zaweza kufungwa katika ibada ya Jumapili, wote wakiwapo, na siku iyo hiyo mtapiga magoti pamoja kwenye Meza.